Tafsiri sisisi ilivyotaka kunivulisha nzi usiku

TAFSIRI sisisi, yaani ile ya kuchukua neno kwa neno kutoka lugha moja na kulipachika katika lugha nyingine, ina ucheshi wake na ina hasara zake. Leo nataka kusimulia kisa ambacho ndani yake niliyakuta yote mawili. Kinahusu samaki aitwaye trauti kahawia, kinahusu usiku, na kinahusu maneno mawili ya Kiswahili niliyodhani nayajua vizuri hadi nilipojikuta nimesimama mtoni gizani, maji yakinifika mapajani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha kozi ya kiangazi ya Kiswahili katika chuo kimoja cha jimbo la Michigan, Marekani. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mzee mmoja mstaafu, mwenye bidii kuliko vijana wote darasani. Siku moja mwishoni mwa Juni alinijia baada ya kipindi, akasimama wima kama mtoto anayetaka kukariri shairi, akasema: “Mwalimu, Ijumaa usiku twende uvuvi wa nzi.”

Nikacheka. Nikamuuliza, “Hao nzi tutawachoma au tutawakaanga?” Naye akacheka, lakini kwa adabu tu, maana hakuwa ameelewa. Alikuwa amechukua istilahi ya Kiingereza yenye maneno mawili, la nzi na la kuvua, akayatafuta moja moja katika kamusi, kisha akayaunga. Kila neno lilikuwa sahihi. Yalipokaa pamoja yakawa kichekesho.

Kisha akaniuliza swali ambalo hata leo linanisumbua: “Sawa, Mwalimu. Waswahili wanasemaje?”

Hapo kicheko changu kikakatika. Mimi niliyelipwa kumfundisha lugha hii sikuwa na jibu.

Kosa liko wapi?

Hebu kwanza tutazame sarufi. Kwa nini “uvuvi wa nzi” inachekesha ilhali “uvuvi wa mshipi” haichekeshi? Jibu limo katika a-unganifu, kile kipashio kidogo kinachobeba mizigo mikubwa. Tunasema uvuvi wa pweza, uvuvi wa kamba, uvuvi wa papa. Hapo a-unganifu inaonyesha kinachovuliwa. Tunasema pia uvuvi wa mshipi, uvuvi wa dema, uvuvi wa juya. Hapo inaonyesha chombo cha kuvulia. Tukisema uvuvi wa usiku tunataja wakati, na tukisema uvuvi wa Vanga tunataja mahali. Umbo ni lile lile, maana ni nne.

Ni nini basi kinachomwambia msikilizaji achukue maana ipi? Si sarufi. Ni ujuzi wake wa dunia. Anajua kwamba dema ni mtego uliosukwa, hivyo hawezi kudhani kuna mtu anayetoka na mashua kwenda kuwinda madema baharini. Lakini nzi ni kiumbe. Akisikia “uvuvi wa nzi”, akili yake inampeleka moja kwa moja kwenye kundi la pweza na kamba. Anamwona mtu na wavu wake akifukuza nzi sokoni.

Kuna njia mbili za kisarufi za kuondoa utata huo. Ya kwanza ni kutumia “kwa”: kuvua kwa nzi. Ya pili ni kauli ya kutendea, ambayo pamoja na kazi zake nyingine huonyesha kifaa: kisu cha kukatia nyama, jiko la kupikia, nzi wa kuvulia. Niliyaandika yote mawili ubaoni siku ile, nikapumua, nikaona nimelimaliza suala.

Yule mzee akakuna kidevu. “Lakini Mwalimu,” akasema, “nzi hayumo.”

Ni kweli, nzi hayumo. Kinachofungwa kwenye ndoana si nzi wala mdudu yeyote. Sarufi yangu ilikuwa imenyooka na maana ilikuwa bado imepinda. Nikaona hapana budi niende nikaone kazi yenyewe.

Saa tatu usiku, jua bado lipo

Tuliendesha gari kuelekea kaskazini mpaka karibu na mji wa Grayling, unapopita mto Au Sable. Jina la mto ni la Kifaransa na linahusu mchanga, na kweli sehemu nyingi za mto ule zina sakafu ya mchanga na changarawe. Maji yake ni baridi na maangavu, kwa kuwa sehemu kubwa hutoka ardhini kama chemchemi. Ni mto wenye historia kwa wapenda trauti: kandokando yake ndiko kulikoanzishwa mwaka 1959 shirika la Trout Unlimited, linalohifadhi mito ya samaki hao.

Nilipotazama saa yangu nilishangaa. Ilikuwa saa tatu usiku na jua lilikuwa bado linachungulia kati ya misonobari! Saa za Kiswahili zilizaliwa karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. Ukizibeba hadi Michigan mwezi wa Juni, unajikuta ukisema “usiku” huku umevaa miwani ya jua. Hilo nalo ni somo dogo: hata maneno tunayodhani ni ya dunia nzima yana kwao.

Tukavaa suruali za mpira zinazopanda hadi kifuani na kuungana na viatu. Nikamwambia mwenyeji wangu kwamba kwa Kiswahili mvuvi lazima avae kwanza ndipo avue, naye akaliandika hilo katika daftari lake. Alinikaza mkanda kiunoni, akaujaribu kwa kuuvuta. Mkanda huo hauhusiani na urembo. Ukianguka mtoni bila mkanda, maji huingia kwa wingi ndani ya suruali na kukulemea. Akanipa na mkongojo. Kisha, wakati mwanga ungalipo, akanitembeza sehemu yote tutakayosimama usiku: hapa pana gogo, hapa pana shimo, hapa utatokea ukitaka kurudi. “Mto unausoma mchana,” alisema, “usiku unaukumbuka.” Kauli hiyo niliipa maksi zote.

Chambo kisichokuwa chambo

Tulipokaa kwenye ukingo kungoja giza, akanifungulia kijisanduku. Ndani mlikuwa na ndoana kadhaa, kila moja imevikwa nywele za paa, manyoya ya jogoo na nyuzi za rangi, yote yamezungushiwa uzi na kukazwa kwa ustadi. Ukishika mkononi unaona takataka. Ukiitazama kwa chini, ikiwa juu ya maji, inafanana na mdudu aliyetandaza mabawa. Hicho ndicho Waingereza wanachokiita nzi.

Ufundi huu ni wa kale sana. Mwandishi mmoja wa Roma, Aelian, aliyeandika kwa Kigiriki takriban miaka 1,800 iliyopita, anaeleza jinsi wavuvi wa Makedonia walivyokuwa wakifunga sufu nyekundu kwenye ndoana na kuongeza manyoya mawili ya jogoo. Anatoa na sababu: mdudu halisi anayeliwa na samaki wale akiguswa na mkono hupoteza rangi na mabawa yake hunyauka, kwa hivyo hafai kuwa chambo. Ndiyo maana ikabidi atengenezwe wa kuiga.

Sasa, kitu chepesi hivyo unakitupaje? Mvuvi wa mshipi wa kawaida hufunga chubwi, kile kipande cha risasi, ili uzito wake uipeleke ndoana mbali. Hapa chubwi hakuna. Ukikirusha chambo chenyewe hakifiki hatua mbili. Siri ni kwamba uzito umehamishiwa kwenye mshipi. Mshipi wenyewe ni mnene, umevikwa plastiki. Mvuvi huurusha nyuma kwa mwanzi mrefu unaonesa, akaungoja unyooke hewani, kisha akausukuma mbele. Mshipi hukunjuka juu ya maji na kukibeba chambo kama abiria. Mwishoni mwake hufungwa kipande cha nailoni ili samaki asiuone ule unene. Mchana nailoni hiyo huwa nyembamba mno, lakini usiku huwa fupi na nene, maana gizani samaki hana nafasi ya kuikagua, na anayekuja usiku aghalabu ni mkubwa.

Kwa nini usiku? Trauti kahawia, ambaye wanasayansi humwita Salmo trutta, ni samaki mwenye hadhari. Anapokuwa mkubwa hushinda mchana chini ya magogo na kingo zilizobonyea, akijiepusha na mwanga na ndege walao samaki. Giza likiingia hutoka kuwinda, na hapo hali wadudu peke yao. Hula samaki wadogo, kamba wa mtoni, hata panya akikosea njia akatumbukia. Wapo wavuvi wanaofunga manyoya kwa umbo la panya na kulivuta juu ya maji usiku.

Lakini majuma yale tulikuwa tumefuata karamu maalumu. Yupo mdudu wa majini aitwaye kisayansi Hexagenia limbata. Buu wake huishi kwenye matope ya chini ya mto kwa takriban miaka miwili. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, katika jioni zenye joto, huogelea hadi juu, hujivua gamba na kupata mabawa, akaruka hadi mitini. Huko hujivua tena mara ya pili, na jamii yake ndiyo pekee miongoni mwa wadudu wa leo wanaojivua wakiwa tayari na mabawa. Mdudu mzima hana kinywa cha kulia. Huishi siku moja au mbili tu. Hupandana hewani, jike akashuka kutaga mayai majini, akafa hapo hapo, akaelea. Trauti wakubwa wanaijua tarehe hiyo kuliko kalenda.

Mdudu huyo nimwite nani kwa Kiswahili? Nilimwona akipepea kwa maelfu kwenye machweo nikakumbuka utoto: kumbikumbi baada ya mvua! Si jamii moja, maana kumbikumbi ni mchwa. Lakini lugha haiogopi kufananisha. Tuliiona eropleni tukaiita ndege. Tuliona gari la vita tukaliita kifaru. Wala jamii ya mdudu huyu si ngeni kwetu. Katika Ziwa Viktoria yupo ndugu yake aitwaye Povilla adusta, ambaye huibuka kwa wingi siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu. Kwa hivyo nikimwita kumbikumbi wa maji, naamini mtu wa Kisumu na mtu wa Kitui wote watapata picha.

Kusikia si masikio tu

Giza likaingia kikweli kweli, saa nne na ushei. Mwenyeji wangu akanishika bega, akanong'ona kwa Kiswahili chake: “Mwalimu, sikiliza samaki.”

Ualimu ni ugonjwa. Pale pale gizani, maji yakinisukuma, nilimsahihisha: “Tazama samaki, si sikiliza.”

“Hapana,” akasema. “Sikiliza.”

Nikasikiliza. Kwanza nilisikia mto tu. Halafu, upande wa juu, nikasikia kitu kama mtu anayefyonza chai ya moto: fyooo! Kimya. Baada ya nusu dakika, pale pale: fyooo! Ni samaki aliyekuwa akimeza wadudu mmoja mmoja, wala hana haraka. Mwenyeji wangu hakumwona kamwe. Alihesabu muda kati ya mfyonzo na mfyonzo, akapima umbali kwa sikio, akarusha mshipi wake hatua chache juu ya mahali pale ili mkondo uteremshe chambo, akangoja. Yeye ndiye aliyekuwa na Kiswahili sahihi usiku ule.

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria neno “kusikia”. Katika Kiswahili hatusikii sauti pekee. Twasikia harufu, twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia uchungu. Kuona kuna kitenzi chake, lakini hisia nyingi zilizobaki zinaweza kukaa chini ya kitenzi hiki kimoja. Wapo wanafunzi wanaodhani huo ni umaskini wa lugha. Nami nawaambia waende mtoni usiku. Ukiwa gizani macho yakishalazwa, husikia kwa kipande kipande. Nilisikia mfyonzo kwa masikio, nikasikia mkondo kwa magoti, nikasikia changarawe kwa nyayo, nikasikia mshipi kwa ncha ya kidole. Vyote vilikuwa taarifa moja, na Kiswahili kilikuwa na kitenzi chake tayari.

Samaki naye husikia vivyo hivyo. Ubavuni mwake, kutoka kichwani hadi mkiani, pana mstari wa viungo vidogo vinavyopokea mitikisiko ya maji. Kitu kikisogea karibu naye gizani hujua kilipo. Ndiyo sababu chambo cha usiku aghalabu hufungwa kikubwa, ili kisukume maji, na wengi hupenda cheusi, kwa kuwa samaki hukitazama kutoka chini na cheusi ndicho kinachojitokeza dhidi ya anga.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mshipi wangu ulijisokota. Bila kufikiri niliwasha tochi ya kichwani, nikamulika maji. Mwenyeji wangu hakunikaripia. Alikunja mshipi wake, akatoka taratibu, akaketi juu ya gogo. Alinieleza kwamba macho ya samaki huchukua muda kuzoea badiliko la mwanga, na wale waliokuwa wakila wameshashtuka. Tukaketi karibu nusu saa bila kusema neno. Kama ni fundo la kufunga, mtu hugeukia ukingoni, akatumia taa hafifu nyekundu, akaifinika kwa mkono.

Niliona ajabu. Mimi ni mtu wa Pwani, na uvuvi wa usiku ninaoufahamu ni wa kupeleka mwanga majini. Wavua dagaa hutoka na karabai, kama wavua omena wa Ziwa Viktoria wanavyotoka na taa zao. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, kwa kuwa taa yao haina nguvu tena. Kule mtoni Michigan mvuvi hupenda giza lile lile, ila kwa sababu iliyo kinyume: analitaka ili yeye mwenyewe asionekane.

Samaki walirudi. Mmoja alichukua chambo changu. Nilisikia mshipi ukikazika, mwanzi ukapinda, kisha uzito ukatoweka. Mwenyeji wangu alipata mmoja karibu saa sita, mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, ubavu wa rangi ya siagi wenye madoa meusi na mekundu. Akamshika ndani ya maji, akamtoa ndoana, akafungua viganja. Sheria ya sehemu ile ya mto inakataza kuua trauti, na inaruhusu chambo cha aina ile peke yake.

Mjomba alipolipata neno

Niliporudi nyumbani nilikwenda Vanga kumwamkia mjomba wangu, aliyevua tangu akiwa mtoto hadi mgongo ulipomkatalia.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Za Ulaya?”

Kwake yeye kila kulikovuka bahari ni Ulaya. Nikamwambia nimejifunza uvuvi mpya huko, uvuvi wa nzi. Mjomba akamtazama shangazi, shangazi akatazama pembeni. “Nzi?” akauliza. “Huko hawana samaki?”

Nikaacha jina, nikaeleza kazi. Nilichukua ufito nikasimama uani, nikaonyesha mshipi unavyokwenda nyuma na mbele. Nikaeleza kuhusu ndoana iliyovikwa manyoya, chubwi lisilokuwepo, giza, masikio. Mjomba aliuliza maswali ambayo mimi sikuwa nimeyauliza: Mshipi waelea ama wazama? Samaki akila huvuta papo hapo ama wangoja afunge mdomo? Nani alikuwa kakushika mkono mtoni?

Nilipomaliza akatikisa kichwa. “Mwanangu, hiyo mbona si mpya? Mie nikirambaza nguru nafunga unyoya wa kuku mweupe kwenye ndoana. Samaki adhani ni dagaa. Huko wenzetu hawavui nzi. Wavua kwa unyoya.”

Kuvua kwa unyoya! Alilisema bila kukuna kichwa, kama mtu anayetaja jina la jirani.

Tuupime msamiati huo kitaaluma. Kwanza, “kwa” inaondoa utata wa a-unganifu tuliouona. Pili, jina linataja kitu kilichopo kweli kwenye ndoana, si kile kinachoigwa. Tatu, na hapa ndipo nilipovua kofia, katika Kiswahili “manyoya” ni ya ndege na ni ya mnyama pia. Twasema manyoya ya kuku na twasema manyoya ya kondoo. Kiingereza hulazimika kutumia maneno tofauti. Kile kijisanduku cha Michigan kilikuwa na vyote viwili, manyoya ya jogoo na manyoya ya paa, na neno letu moja lilivikusanya pamoja. Mjomba hakuwa ameona kijisanduku hicho maishani mwake.

Alichokataa ni jambo moja. Nilipomwambia samaki alirudishwa majini, alinyamaza kitambo. “Mzima?” Mzima. “Mkubwa hivyo?” Mkubwa hivyo. “Basi huo si uvuvi,” akasema, “huo ni mchezo.” Sikubishana naye. Pengine hapo pia ana hoja ya kilugha ya kuandikiwa makala yake.

Jina bila samaki, samaki bila jina

Huenda msomaji wa Nyeri au Kirinyaga anasema: haya ni mambo ya Michigan, yananihusu nini? Yanakuhusu. Trauti kahawia ni mgeni katika nchi zote mbili. Asili yake ni Ulaya na maeneo ya jirani. Michigan alimwagwa mara ya kwanza mwaka 1884, katika mto Baldwin, kutokana na mayai yaliyotoka Ujerumani. Kwetu aliletwa mwaka 1905, pale Ewart Grogan alipoagiza mayai kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Amekaa nasi zaidi ya karne moja. Ana kituo chake cha kuzalishia kule Kiganjo. Wapo vijana wetu wanaoongoza wageni kwenda kumvua. Lakini mwulize kijana huyo aeleze kazi yake kwa Kiswahili, utasikia Kiingereza kilichobandikwa viambishi.

Nilieleza kwamba tulivulia karibu na mji wa Grayling. Jina hilo ni la samaki, mwingine kabisa, aliyekuwa amejaa katika mito ile kabla ya trauti kufika. Wakataji miti waliporomosha magogo mtoni na kuharibu mazalio yake, akavuliwa kupita kiasi, wageni wakamsonga. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa ametoweka Michigan. Mji unaendelea kuitwa kwa jina lake. Pale neno limebaki na samaki hayupo. Kwetu Gura, samaki yupo na neno hatujampa.

Na Vanga? Kule vitu vipo, maneno yapo, ila wenye maneno ndio wanaoondoka. Jioni ile nilitoa daftari nikamwomba Mjomba anitajie msamiati wa kazi yake. Chubwi. Kurambaza. Jarife, wavu wa papa. Kimia, wavu wa kurusha. Alitaja, nikaandika, wajukuu zake wakisikiliza kwa mshangao, kwa sababu nusu ya vitu hivyo wanavijua kwa Kiingereza cha dukani. Tulipofika kwenye lile fundo la kukazia unyoya juu ya ndoana, akasita. Akachukua uzi, akalifunga mbele yangu kwa vidole vinavyotetemeka, likakaa sawasawa. Lakini jina lake halikuja.

“Lina jina,” alisema. “Lina jina kabisa. Nahodha wangu ndiye aliyekuwa akilitaja kila siku.”

Nahodha wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Ndugu msomaji, kamati za istilahi zina kazi yake na kamusi zina kazi yake. Ila unapokwama kwa neno, kabla hujaketi kutafsiri, tafuta mtu anayefanya kazi hiyo kwa mikono, mweleze kazi, usimtajie jina la kigeni, kisha unyamaze umsikilize. Fanya hivyo mapema. Katika daftari langu fundo lile nimelichora tu, na mbele ya mchoro nimeacha nafasi. Kama kuna mvuvi wa Vanga, Gazi, Faza au Kizingitini anayelijua jina lake, naomba anijuze nilijaze.